Kila Mmoja Ana Dada Mmoja

Ijumaa, Mabela, baada ya wali.
Kiyoyozi kinakoroma kama mgeni aliyeshiba.
Muzna, miaka tisa, anapanda juu ya mto
na kutangaza fumbo alilolitoa shule:

Mtu ana watoto wa kiume watano.
Kila mmoja ana dada mmoja.
Watoto wote ni wangapi?

Azzan, mhandisi wa visima kule Fahud,
hakushusha hata kikombe.
"Kumi. Tano mara mbili. Lete jingine."
"Umekosa."
Akatoa simu. Simu nayo ikasema kumi,
maana simu hujibu ulichoiuliza.

Muhanna, wakili, akataka ufafanuzi:
dada wa baba na mama, au wa baba tu?
Na wa kunyonya, wamo?
Na huyo bwana ana wake wangapi,
na ndoa zote zimesajiliwa?
Muzna akamtazama kama unavyomtazama
mtu anayetafuta miwani aliyoivaa.

Ghalib akachora ukoo mzima juu ya boksi la tishu
kwa wanja wa mkewe.
Yaarub akasema hapa pana mtego, lazima pana mtego,
huenda huyo baba keshakufa.
Chumba kikanyamaza.
Baba yetu alikuwa na siku arobaini na mbili ardhini.

Thuwaini, kitinda mimba, akasalimu amri.
"Nipe mji," akasema Muzna.
"Chukua Nizwa."
"Sitaki. Ijumaa wananadi mbuzi, kelele tupu."
"Sur?"
"Sur nilitapika garini."
"Basi Salalah, na manyunyu yake yote."
Akaipokea Salalah, akaitia mfukoni.
"Sita," akasema. "Dada ni yuleyule."

Wakacheka, wakasukumana mabega,
wakajilaumu: kumbe rahisi hivyo!
Wakaninyooshea vikombe, vitano kwa pamoja.

Mimi nilikuwa nimesimama na dele.
Jibu nililijua swali halijaisha,
na si kwa akili,
ni kama kuulizwa una meno mangapi
na moja linauma.

Azzan ana dada wa kulea pacha wake akiwa zamu.
Muhanna ana dada wa kunyoosha kanzu za mahakamani,
Ghalib wa kukopa kwake bila kuandikiana,
na waliobaki, acha.
Kwenye karatasi madada watano.
Jikoni, jozi moja ya ndara.
Na miaka minane baba alipolala Ibra
kila mmoja alirudi Maskati moyo mweupe,
akimwambia mkewe njiani:
"Yupo dada yangu."

Kesho kwa kadhi lipo fumbo la pili.
Hilo watalifumbua bila simu.
Mama alitangulia, hesabu haina kona:
mwanamume mafungu mawili, mwanamke moja,
jumla kumi na moja.
Baba kaacha maji ya falaji, athari kumi na moja,
ndivyo huku wanavyoyaita mafungu ya nusu saa,
neno ambalo kwa Kiswahili cha bibi yangu
ni kile kinachobaki mwilini baada ya kitu kupita.
Yangu, basi, athari moja.
Sidai zaidi. Hesabu ni sahihi.
Ila hakuna aliyeuliza
usiku nani aliamka kuyafungulia maji.

Walipoondoka nikakusanya vikombe.
Sita. Kimoja kikavu.
Muzna akaja kusimama kwenye mlango wa jiko.
"Shangazi, wewe ulijua?"
"Nilijua."
"Mbona hukusema?"
"Hukuniuliza."
Akatafuna ncha ya ukaya wake, akihesabu kitu.
"Basi wewe hukushindwa.
Mimi ndiye nikupe mji. Unataka Salalah?"

Nikafunga bomba.
"Salalah kaa nayo," nikasema. "Nipe Ibra.
Si mji wote. Nyumba ya babu yako,
na ufunguo uliomo mfukoni mwa Azzan."

Nilidhani atafikiri.
"Rahisi," akasema. "Chukua."